Kabla hujaipiga upya: waifai inayokataa kwenye laptopu kuukuu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kompyuta hapa Tanga, mnaojifunza kwenye meza za mafundi kule Ngamiani au nyumbani kwa laptopu mliyoachiwa na kaka, leo nina neno moja. Laptopu kuukuu yenye Linux nyepesi ikikataa mtandao, usikimbilie kuipiga upya, yaani kuifuta na kuisakinishia mfumo upya. Iulize kwanza. Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta unaojibu ukiulizwa, na majibu yake yatakuonyesha mahali hasa palipokatika.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza mezani, mzee mmoja wa Makorora aliniletea laptopu ya binti yake aliyekuwa chuoni. Waifai haikuonekana kabisa. Nikapiga mfumo upya, haikuonekana. Nikapiga mfumo wa aina nyingine, vilevile. Jioni ya siku ya pili, nikiigeuza nichomoe betri, kidole kikagusa kiswichi chembamba ukingoni kwa mbele. Nikakisukuma. Taa ya buluu ikawaka na mitandao yote ya mtaa ikajipanga kwenye kioo. Lakini kazi za yule binti, maandishi ya mwaka mzima, nilikuwa nimeshazifuta. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, nikamwambie nini?" Swali lile ninalo mpaka leo, na ndilo lililonifundisha kuishika kazi hii kwa utaratibu.

Basi tuanze na swichi, kwa kuwa ni jambo la dakika moja. Laptopu nyingi za miaka ya 2006 hadi 2012 zina swichi ya pembeni, au kitufe cha kubonyeza pamoja na Fn, kinachozima redio ya waifai. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike `rfkill list`. Ukiona "Hard blocked: yes", basi imezimwa kwa swichi au kitufe, na hakuna amri itakayoiwasha; tafuta kwa vidole. Ukiona "Soft blocked: yes", imezimwa na programu, na `sudo rfkill unblock wifi` inatosha. Zikiwa zote "no", songa mbele.

Swali la pili ndilo kubwa: je, kompyuta inaiona kadi? Andika `lspci -nnk`. Itakuja orodha ndefu, usiogope. Tafuta mstari wenye "Network controller", hiyo ndiyo waifai, na wenye "Ethernet controller", hiyo ndiyo kadi ya waya. Mwishoni mwa mstari, ndani ya mabano ya mraba, kuna namba mbili zenye nukta mbili katikati, kama 14e4:4311. Ya kwanza ni ya kampuni iliyotengeneza kadi, ya pili ni ya kadi yenyewe. Ziandike kwenye daftari. Sisi mafundi tuna mazoea ya kutafuta msaada kwa jina la laptopu, lakini jina la laptopu halitoshi. Laptopu mbili zenye jina moja na rangi moja zinaweza kuwa na kadi mbili tofauti ndani. Namba ile haikudanganyi.

Nitawaonyesha kesi moja kwa karibu, kwa maana humo ndimo wengi wanamokwama.

Mwalimu mmoja wa Muheza alikuja na laptopu yake ya zamani, RAM ya GB 2, aliyoitegemea kujazia alama za wanafunzi. Kijana wake alikuwa ameiweka Debian 12, aina mojawapo ya Linux, yenye eneokazi jepesi la LXDE, na kusema kweli alifanya vizuri. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tano sasa ilikuwa tayari kabla hujamaliza kikombe cha chai. Ila waifai hakuna.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wameniambia kadi imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?"

"Bado sijui, mwalimu. Tuiulize yenyewe."

`rfkill list` haikuonyesha kizuizi chochote. `lspci -nnk` ikaleta "Network controller", Broadcom BCM4311, namba 14e4:4311. Kadi iliyokufa kwa kawaida haijitaji jina namna hiyo, kwa hiyo pale pale nikamwambia mwalimu asinunue kitu. Chini yake pakawa na mstari "Kernel driver in use: b43-pci-bridge". Kijana ninayemfundisha akafurahi: "Fundi, draiva ipo!" Ipo, lakini soma jina lote. Hiyo "bridge" ni daraja tu, inampokea mgeni mlangoni. Anayefanya kazi ya redio yuko nyuma yake, naye anaitwa b43. Tukaandika `sudo dmesg | grep -i b43`, na hapo mashine ikasema shida yake waziwazi: faili la b43/ucode5.fw halikupatikana.

Hiyo ndiyo famwea. Shikeni vizuri tofauti hii. Draiva ni programu iliyo upande wa Linux, inayojua kuongea na kadi. Famwea ni programu ndogo ya kadi yenyewe, na kadi nyingi hazina mahali pa kuihifadhi. Kila zikiwashwa, draiva huzilisha upya. Draiva ikikosa cha kuilisha kadi, kadi inakaa kimya. Haijaharibika, ina njaa.

Sasa kwa nini Debian haikuja nayo? Kuanzia Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, famwea nyingi zimo tayari kwenye faili la kusakinishia, na jambo hilo limetupunguzia taabu sana. Lakini famwea ya b43 haimo, kwa sababu leseni yake hairuhusu wengine kuisambaza. Kilichopo ni kifurushi kinachoitwa firmware-b43-installer, ambacho kazi yake ni kwenda intaneti kuichukua famwea na kuiweka mahali pake. Yaani unahitaji intaneti ili upate intaneti. Hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa na kumwambia mteja anunue kadi mpya.

Dawa iko mfukoni mwako. Chukua simu ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wa chaja, ingia kwenye mipangilio uwashe kugawa intaneti kwa USB. Hakikisha waya ni ule unaopitisha data. Kuna nyaya za bei rahisi zinazopitisha moto peke yake. Andika `ip link` na utaona jina jipya limezaliwa, mara nyingi linaanza na usb au en. Laptopu inaiona simu kama kadi ya mtandao ya waya, haihitaji famwea yoyote, na inafanya kazi karibu kila Linux niliyowahi kuigusa. Kwa mwalimu tulifungua faili la /etc/apt/sources.list, tukaongeza neno contrib mwishoni mwa mstari wa hazina, yaani mahali `apt` inapochukulia programu, tukapiga `sudo apt update`, kisha `sudo apt install firmware-b43-installer`. Baada ya hapo `sudo modprobe -r b43`, na `sudo modprobe b43`, ili draiva ishuke na kupanda upya. Taa ikawaka.

Neno la heshima kwa mteja hapa: usipige `apt upgrade` kwa bando lake bila kumuuliza. Famwea ni ndogo. Kusasisha mfumo mzima kunaweza kumaliza bando la wiki la mtu, na kwa mwalimu anayenunua bando kwa mahesabu hilo si jambo dogo.

Kadi zingine zina tabia zake. Za Intel zinatumia draiva ya iwlwifi (zile kongwe kama 3945ABG zina yao, iwl3945) na famwea yao iko kwenye firmware-iwlwifi. Za Atheros za enzi ile, zinazotumia ath5k au ath9k, hazidai famwea kabisa. Ukikutana na AR9285 ndani ya laptopu, furahi. Ukilazimika kununua kidude cha USB, tafuta chenye chipu ya AR9271, na ukifika nacho nyumbani andika `lsusb` kuhakikisha ndicho kilichomo, kwa maana gamba la nje halikuambii kitu.

Je, kadi isipoonekana kabisa kwenye `lspci`? Hapo sasa ndipo unaruhusiwa kushika bisibisi, lakini ukishapitia baiosi, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Linux haijawaka, kuona kama haikuzimwa humo. Na hapa sisi wa Tanga tuna letu. Hewa ya chumvi inatutafunia vyuma. Laptopu iliyokaa miaka kwenye nyumba ya karibu na bahari, dirisha wazi upepo wa kusi ukiingia, utaikuta meno ya kadi yamefifia, na tundu la waya wa mtandao lina ukungu wa kijani kwenye vile visindano vyake vya shaba. Zima, toa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Fungua kifuniko cha chini. Kadi ni kibao kidogo kilichoshikwa na skrubu moja au mbili, juu yake kuna nyaya mbili nyembamba za antena, mara nyingi nyeupe na nyeusi. Piga picha kwa simu kabla hujazigusa. Zing'oe kwa kuinua wima kwa ukucha, usizivute kwa pembeni. Kile kichwa cha waya ni kidogo kuliko punje ya mchele, na kikikatika ndiyo basi. Sugua meno ya kadi kwa ufutio safi wa penseli, taratibu, upande huu na huu, pangusa vumbi lake kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha ikauke, rudisha. Nimerudisha kadi nyingi duniani kwa ufutio wa penseli.

Ukiamua kubadilisha kadi, fahamu kwamba baadhi ya laptopu za zamani zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya baiosi. Ukiweka kadi ngeni, mashine inagoma kuwaka na kuandika ujumbe wa kukataa. Usidhani umeiua. Toa kadi, itawaka.

Sasa chukulia kadi inaonekana, famwea imekaa, mitandao ya jirani unaiona, ila hotspoti ya simu mpya ya mteja huioni. Hili linazidi kila mwaka. Kadi nyingi za zamani zinasikia masafa ya 2.4 GHz tu, na simu mpya inaweza kuwa inarusha kwa 5 GHz. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, ishushe iwe 2.4. Na ikionekana lakini inakataa nywila uliyo na hakika nayo, angalia aina ya ulinzi: ikiwa ni WPA3, ibadilishe iwe WPA2. Kadi ya mwaka 2007 haiwezi kulaumiwa kwa kutojua lugha iliyokuja mwaka 2018. Waifai ya mwalimu ilikwama hapo hapo mara ya mwisho, kwenye simu ya mwanawe, na tuliitengeneza bila kuigusa laptopu.

Ikishaunganika na kurasa bado hazifunguki, andika `ip addr` uone kama umepewa anwani. Ikianza na 169.254, rauta haikujibu na kompyuta imejipa yenyewe. Anwani ikiwa sawa, andika `ping 8.8.8.8`, kisha `ping debian.org`. Ya kwanza ikipita na ya pili ikigoma, mtandao upo, kinachokosekana ni mtafsiri wa majina, angalia DNS.

Zote mbili zikipita na kivinjari bado kinalalamika kuhusu vyeti vya usalama, tazama saa. Nasema kweli, tazama saa. Andika `date`. Laptopu kuukuu ina kibetri cha duara ndani, mara nyingi CR2032, kinachotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Kikiisha, ukitoa chaja na betri kuu, inaamka ikiamini iko miaka mingi nyuma. Tovuti inapotoa cheti chake, laptopu inaona cheti hicho hakijaanza hata kutumika, inakikataa. `apt` nayo itakataa hazina kwa sababu hiyo hiyo. Nimeona mtu amebadilisha kadi, akabadilisha rauta, tatizo likiwa kibetri kisichofika hata ukubwa wa sarafu.

Kwenye droo yangu sasa nina waya wa USB unaopitisha data, ufutio, vibetri viwili vya CR2032, na flashi yenye vifurushi vya famwea nilivyovishusha mapema, kwa siku ambayo simu nayo haina bando. Tengenezeni yenu. Na mkikwama, njooni, meza yangu iko wazi. Ila mje na karatasi yenye mistari ya `lspci -nnk` na ya `dmesg`, mniwekee mezani kabla hamjafungua hata skrubu moja.