Binadamu "alitokana na nyani"? Hapo Kiswahili ndo kimeteleza

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia hivi: "Salaam aleikum mwalimu. Juzi maskani tumebishana mpaka saa sita usiku. Mwenzetu yuasema wanasayansi wanadai binadamu alitokana na nyani, na kama ni kweli mbona nyani wa Shimba Hills ni nyani mpaka leo? Sasa mimi sitaki uamue nani kashinda, nauliza lugha tu. Hapo ni nyani ama ni sokwe? Na hiyo nadharia ya mageuzi, mageuzi si ni yale ya katiba na polisi?"

Waaleikum salaam ndugu yangu. Swali lako nimelipenda sana manake watu hubishana juu ya jambo hili miaka na miaka na kumbe ugomvi mwingi uko kwenye maneno, sayansi yenyewe hata haijaguswa.

Tuanze na nyani. Sisi watu wa pwani hatufai kuwachanganya wanyama hawa kwa sababu twaishi nao. Tumbili ndo yule mdogo wa uso mweusi anayeruka ukuta huko Nyali akabeba ndizi mezani, mbega ni yule mweusi mwenye manyoya meupe marefu wa kule Diani, kima mwili wake mzito kidogo na apenda msituni, na nyani ndo yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa, hutembea chini kwa makundi, huyo sasa ndo wa Shimba Hills. Wote hao wana mikia. Sokwe hana mkia, na huku kwetu hayuko kabisa, ukitaka kumuona porini nenda Gombe ama Mahale, Tanzania, kando ya ziwa Tanganyika, na hapa Kenya wako kwenye hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Burundi mwaka 1993. Nadhani ndo maana hapa Mombasa jina la nyani limebeba wote, mtu hutumia jina la yule aliyemzoea macho. Lakini kwenye mazungumzo haya usilitumie, wanasayansi wakitaja mnyama aliye karibu zaidi na sisi wanamtaja sokwe. (Na tafadhali sana ni "nyani hawa", si "nyani hizi", naona kosa hilo kila siku kwenye simu yangu.)

Sasa utaniambia basi tuseme binadamu alitokana na sokwe tumalize. Bado. Kosa kubwa haliko kwenye jina la mnyama, liko kwenye "alitokana na". Kwa Kiswahili ukisema fulani katokana na fulani umemfanya yule wa pili kuwa mzazi, mwenye kutangulia. Hebu fikiria nasaba yako mwenyewe, wewe umezaliwa Mombasa na binamu yako kazaliwa Lamu, kuna mtu atasema wewe umetokana na binamu yako? Hapana, twasema nyinyi mnakutana kwa babu. Na hilo ndo neno ninalolitafuta siku zote kwenye habari hii, binadamu na sokwe wanakutana kwa babu. Babu huyo aliishi miaka milioni 6 ama 7 hivi iliyopita, hakuwa sokwe wa leo wala hakuwa mtu, wajukuu zake wa upande mmoja wakawa masokwe na wa upande wa pili tukawa sisi. Nyani naye ni ukoo lakini wa mbali, kukutana naye ni mpaka urudi zaidi ya miaka milioni 20 nyuma. Ukiisema hivyo, lile swali la mbona nyani bado wako linakosa pa kukaa, manake hakuna anayeuliza mbona binamu zako bado wako Lamu na wewe umeshazaliwa Mombasa.

Haya, mageuzi. Umegusa penyewe. Mageuzi yanatoka kwa geuza, na kugeuza lazima awepo mwenye kugeuza na awe na nia, ndo maana neno limekaa vizuri sana kwa katiba na polisi, bunge limekaa, tume imeandika, lengo ni kupata kitu kizuri zaidi. Msomaji akilikuta kwenye mambo ya viumbe anakuja na mzigo huo wote kichwani, anadhani wasemaji wanasema viumbe walikuwa na mpango wa kupanda daraja mpaka wafike kwa mtu. Na ile picha ya viumbe watano sita kwenye foleni, wa kwanza kainama na wa mwisho kasimama wima, iliyozaa kila aina ya tisheti tangu ilipochorwa Marekani mwaka 1965, ndo imezidi kuharibu. Wako wanaotumia "mageuko", kutoka kwa geuka, na mimi niko nao, kwa sababu geuka haihitaji mtu wa kusukuma. Lakini geuka nayo ina hatari yake huku kwetu, sote tumekua na hadithi za paka wa usiku aliyegeuka mwanamke, kwa hivyo ukisema "nyani aligeuka mtu" msikilizaji anaona mnyama mmoja analala nyani anaamka mtu. Hakuna mwanasayansi aliyesema hivyo. Kinachobadilika ni kizazi, si mtu mmoja.

Nikupe mfano wa hapa hapa. Ugonjwa wa selimundu waujua, neno lenyewe limeundwa kwa seli na mundu, kwa vile seli za damu zinajipinda kama mundu wa kukatia nyasi. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi akipima damu za watu, akakuta alama ya selimundu ni ya watu wengi huku pwani na kule kandokando ya ziwa Victoria, na milimani ni wachache mno. Mwaka 1954 akachapisha sababu, ni malaria. Aliyerithi jeni hiyo, yaani chembe ya urithi inayoleta selimundu, kwa mzazi mmoja tu malaria kali haimuui kwa urahisi, aliyeirithi kwa baba na mama ndo anayeumwa. Sasa angalia, hakuna mtu aliyegeuka chochote, ni kwamba palipo na mbu wengi watoto wenye jeni moja walipona zaidi, wakakua, wakazaa, na kizazi hata kizazi jeni ikaenea. Hayo ndo mageuko, na walioyabeba ni majirani zetu na sisi wenyewe. (Andika jeni, si jini, Mombasa tofauti hiyo ni kubwa.)

Nadharia nayo imeteseka. Kwa mazungumzo yetu "hiyo ni nadharia tu" maana yake ni maneno matupu, hakuna vitendo. Kwenye sayansi wazo ambalo halijapimwa lina jina lake, nadharia tete, na hilo tete linakuonya kwamba ni laini bado. Likishapimwa likapimwa tena na watu tofauti likasimama, ndo linaitwa nadharia. Kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho vinaleta kipindupindu nayo ni nadharia kwa maana hiyo hiyo, na hakuna anayesema ni nadharia tu wakati wa kuchemsha maji.

Kuna neno moja naona uchungu kwamba watu wa pwani hatulijui. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipata fuvu Olduvai, Tanzania, la miaka kama milioni 1.75, na jina lililopewa ni Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Zinj ndo sisi! Ndo jina ambalo Waarabu wa zamani waliita pwani hii yetu, na Zanzibar imezaliwa humo humo. Lakini huyo mwenye fuvu usimwite babu yetu kama wengi wanavyoandika, wataalamu wanamuweka tawi la pembeni lililokauka bila kuacha wajukuu. Kwa viumbe hawa wa kale wenzetu wa Tanzania wana neno tamu, zamadamu, na mimi naomba tulichukue, linawabeba wote bila kumfanya kila mmoja kuwa mzazi wetu. Kwa neno hilo waweza kusema nyayo za Laetoli, huko huko Tanzania, za miaka kama milioni 3.6, ni za zamadamu waliotembea wima kwa miguu miwili, na usihitaji kuongeza nyani popote.

Binadamu lakini ni neno la sisi wenyewe, bin Adam, na mwanadamu ni lile lile ila bin imepewa nafasi ya mwana. Anayekubali sayansi hii na anayeikataa kwa dini yake wote wanalitumia, na sioni haja ya kuwagombanisha juu yake, ila anayekataa ningependa akatae kilichosemwa, si kile ambacho hakuna aliyekisema.

Na usidhani kila cha kale ni cha nusu mtu. Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi, walifukua mtoto wa miaka miwili na nusu mpaka mitatu aliyezikwa miaka kama 78,000 iliyopita, na habari yake ilitangazwa 2021. Alilazwa ubavu, miguu imekunjwa, na kichwa inaonekana kiliwekewa kitu mfano wa mto. Ndo maziko ya zamani zaidi ya binadamu kujulikana Afrika, na ni binadamu kamili kama mimi na wewe. Wanasayansi wakampa jina la Kiswahili, Mtoto, na dunia nzima inamwita hivyo. Kwa hivyo ukimwandika kule maskani kwenye simu zenu weka M kubwa, ni jina lake.