Viazi vya jibini: toka friza hadi mezani

Viazi vyangu vya kuoka na jibini vikitoka friza vinaelea kwenye maji, na sosi imekatika. Nakosea wapi? (Morogoro)

Tatizo lilianza kabla ya friza. Kiazi ni maji kwa karibu asilimia 80. Maji hayo yakiganda, barafu hupasua nyama ya kiazi kwa ndani, na ikiyeyuka yanakosa pa kukaa. Huwezi kulizuia hilo lote. Unachoweza ni kuyapunguza mapema, na kuyapa sosi ya kuyashika.

Kwa kilo 1 ya viazi, kata vipande vya duara vyenye unene wa milimita 4. Vichemshe dakika 5 kwenye maji ya chumvi, mwaga maji, kisha viache kwenye chujio dakika 5 nyingine vitoe mvuke, hadi juu vionekane vikavu na vyeupe kama vimepakwa unga. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayowaponza.

Sosi: yeyusha siagi gramu 40, kaanga humo unga wa ngano gramu 40 kwa dakika 2 bila kuuacha ubadilike rangi, kisha mimina kidogo kidogo maziwa mililita 600, yasiyotolewa mafuta, huku ukikoroga. Ikitokota dakika 3 na kuushika mwiko, epua. Epua kwanza, ndipo uingize jibini gramu 150 iliyokwaruzwa. Jibini ikichemka, protini zake hujikaza na kutema mafuta. Ndiyo yale ya njano unayoyaona yakielea. Na usiweke wanga wa mahindi mahali pa unga wa ngano: sosi yake ikiganda huwa kama sponji, ikiyeyuka inatiririsha maji.

Oka kwa nyuzi 180 dakika 30 hivi, uvitoe viazi wakati kisu bado kinapata ukinzani kidogo. Rangi ya kahawia utaimalizia siku ya kula. Kiazi kilichoiva kabisa leo kitakuwa uji kikipashwa.

Niingize friza vikiwa moto, au nipoze kwanza? Nyumbani tunabishana. (Nakuru)

Poza, ila usizidishe saa 2 nje. Gawa kwenye vyombo vyenye kina kisichozidi sentimita 5, uviweke ndani ya beseni la maji baridi. Usifunike vikiwa bado vinafuka, maana mvuke utadondoka juu na kuwa tabaka la barafu. Vikipoa, laza nailoni ya chakula igusane na sosi yenyewe, kisha foili juu, na uandike tarehe. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, uvile ndani ya miezi 2. Baada ya hapo si kwamba vimeharibika. Jibini inakuwa chengachenga, na kama friza lina samaki, utamjua kwa ladha.

Naweza kupanga viazi vibichi na sosi, nikagandisha, nikaoka siku nyingine? (Mombasa)

Hapana. Kiazi kibichi kikigandishwa hugeuka kijivu au cheusi kwa sababu vimeng'enya vyake bado viko kazini. Zile dakika 5 za kuchemsha ndizo zinazovizima.

Bakuli langu la kioo lilipasuka nilipolitoa friza na kulitia oveni. (Dodoma)

Kioo cha baridi hakivumilii joto la ghafla, hata kile kilichoandikwa kuwa ni cha oveni. Tandika foili ndani ya bakuli kabla ya kupanga viazi, gandisha, kisha nyanyua donge zima, ulifunge na urudishe bakuli kabatini. Siku ya kula, toa foili, rudisha donge kwenye bakuli lile lile na uliache friji saa 24. Bakuli lipate dakika chache nje ya friji oveni ikipata moto. Pasha kwa nyuzi 180, dakika 25 likiwa limefunikwa, halafu 10 hadi 15 wazi na jibini mpya kiganja kimoja juu.

Sina oveni. Nina jiko la mkaa tu. (Kigoma)

Basi palia. Paka siagi sufuria nzito, weka kipande kilichoyeyuka, nyunyiza vijiko 2 vya maziwa, funika kwa mfuniko bapa wa bati. Chini bakiza makaa manne au matano yaliyoanza kuvaa majivu. Yaliyobaki yote yapande juu ya mfuniko. Kosa la kawaida ni kuacha moto mkali chini: sosi inashika ukoko mweusi wakati katikati bado pana baridi. Baada ya dakika 20 chomeka kisu katikati, hesabu hadi 10, ukichomoe. Kikiwa vuguvugu, funika tena. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 75 katikati.

Katlesi zangu za viazi na jibini zinapasukia kwenye mafuta. (Tanga)

Jibini iko karibu mno na ukuta. Katlesi ya gramu 50 ibebe kipande cha jibini chenye ukubwa wa punje ya karanga, katikati kabisa, na ipite kwenye yai na chenga za mkate mara mbili. Zigandishe zikiwa zimetawanywa kwenye sinia, saa 2, ndipo uzitie mfukoni. Usiziyeyushe: zitoke friza moja kwa moja hadi kwenye mafuta ya nyuzi 170, nne au tano kwa wakati. Ukijaza karai mafuta yanapoa na katlesi zinayanywa.

Umeme ulikatika usiku kucha. Nitupe? (Kampala)

Friza lililojaa na lisilofunguliwa hushika baridi karibu saa 48, lililojaa nusu saa 24. Ukikuta bado kuna barafu ndani ya chakula, gandisha tena. Ladha itapungua tu.

Viazi vizima nilivyooka ndani ya foili vilibaki mezani hadi asubuhi. Nivipondeponde na jibini? (Dar es Salaam)

Tupa. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua botulizimu, ugonjwa wa sumu inayotengenezwa na bakteria kwenye chakula, baada ya viazi vilivyookwa ndani ya foili kuachwa kwenye joto la chumba, kisha kutumika kwenye kitoweo cha kuchovya. Mbegu za bakteria hao huvumilia oveni, na foili huwapa mazingira yasiyo na hewa wanayoyapenda. Safari ijayo fungua foili vikiwa bado moto.