Kamaliza wa pili, kawaje bingwa?

SWALI: Mhariri mambo, nimeona klipu ya mashindano ya dunia ya kuskeiti kwenye barafu, jamaa kamaliza wa pili mbio ya mwisho ila ubingwa kachukua yeye, imekaaje hii? Msomaji, Tanga

JIBU: Hujaona vibaya ndugu yangu, pale ubingwa ni wa mbio 4, wanaume mita 500, 1500, 5000 na 10000, wanawake wanaishia 5000 na wana ya 3000, sasa muda wa kila mbio unageuzwa pointi kwa kipimo cha mita 500, yaani ukitumia sekunde 105 kwenye 1500 unagawa kwa 3 unapata 35. Pointi za mbio zote zinajumlishwa, mwenye chache ndo bingwa, kama gofu vile. Sven Kramer wa Uholanzi kabeba mara 9, Ireen Wüst mara 7, hao Waholanzi jamani!