Barua kwa mwanangu: Zuhura na shule yake

Mwanangu Salim,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na dada yako. Unauliza kama umhamishe Zuhura kutoka ile shule ya Kiingereza, maana anakutajia usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ni nini kwa Kiingereza, neno kwa neno, lakini ukimuuliza jani la mwembe linapata wapi chakula anakutumbulia macho. Umemwita kasuku.

Usimwite mwanao kasuku. Babu yako mzaa mama hakukanyaga shule ya serikali, aliishia chuo cha Kurani. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kichwani: juzuu zake, tenzi, nyota za kuendea Pemba, na hesabu ya maji kujaa na kupwa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Ukiwa nusu, maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Vyote kavikariri. Je, naye alikuwa kasuku?

Mimi nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa jiografia, mtu wa bara, akaandika ubaoni: "Bahari hujaa asubuhi na hupwa jioni." Tukaiimba darasa zima. Sasa Jumapili yake nilikuwa mwambani Sahare na bibi yako, tunachokoa pweza, saa nne asubuhi, maji yametoka hata nyasi za bahari zimelala juani. Nikanyoosha kidole, nikasema, "Mwalimu, juzi asubuhi bahari ilikuwa kavu." Akaniuliza, "Kati yako na kitabu, nani anajua?" Wenzangu wakacheka, na wengine ni watoto wa wavuvi! Hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho. Mwalimu yeye mgeni, lakini wale walikula samaki wa bahari ileile.

Mtihani wa muhula ukaja na swali hilo. Nikaandika: "Inategemea mwezi." Nikapata kosa la wino mwekundu, kalikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Baba hakujua kusoma hati za Kizungu, ikabidi nimsomee mwenyewe. Alicheka akakaa chini. "Mwalimu wenu si mwongo," akasema, "ila alikwenda pwani siku ya maji mafu." Na ni kweli, Salim. Huku kwetu siku za maji mafu bahari hujaa kwenye saa nne asubuhi, ikapwa alasiri. Bamvua likiingia mambo hugeuka: saa nne kumekauka, saa kumi maji yamefika juu. Katikati hapo saa husogea, kila siku kama dakika 50. Yule bwana aliona jambo la kweli siku moja akaligeuza sheria ya siku zote. Jioni ile baba alinipa hesabu nzima ya mwezi, nikaikariri, na kesho yake tukaenda kuitazama.

Ndiyo maana nasema, na najua mkeo atacheka kwa kuwa hili kalisikia mara nyingi: kukariri hakuna ubaya, ubaya ni kukatazwa kuuliza.

Ingawa na mimi najibishana na nafsi yangu. Yako mambo tuliyokaririshwa bure kabisa. Mwalimu Nyerere mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka mtoto awe na akili ya kudadisi, achukue la mwenzake alipime, alikubali au alikatae. Unajua sisi tulilijifunzaje hilo? Kwenye kipindi cha siasa, kwa kuimba! Swali la mtihani: "Taja shabaha tatu za Elimu ya Kujitegemea." Nilizitaja zote nikapata alama zangu. Mtaala wa mwaka 2005 nao ukaja na habari ya umahiri, mtoto aweze kutenda si kutaja tu, na notisi ulizonakili wewe ubaoni bado zimejaa kabati langu. Mtihani ukiuliza "taja", mwalimu atafundisha kutaja. Simlaumu sana, darasa limefurika na wazazi wanauliza wastani tu.

Kwa hiyo shule utakayomhamishia, je, mtihani wake ni mwingine? Chunguza hilo kabla ya kutazama basi lao na sare. Kaa nyuma ya darasa siku moja, uone mtoto akinyoosha kidole anafanywa nini. Na wewe je, Zuhura akikuuliza jambo usiku umechoka, unamjibu au unamwambia kalale?

Nikisema ahame, kesho mtasema mama kaamua, na ada mnalipa nyinyi. Ningekuwa mimi ningeshamtoa... basi, sikusema. Zungumza na mkeo. Halafu, baba, ujumbe wako nimeurudia toka juu hadi chini: la mwalimu umeniandikia, la ada umeniandikia, hata la jirani yenu. Zuhura mwenyewe anasemaje?

Mama yako,
Ngamiani, Tanga