Mpenzi aliyedhaniwa amekufa anaporudi: kilichoiokoa riwaya yangu

Mkuu, umesema riwaya yako ina mchumba aliyepotea miaka mingi kisha akaibuka, risasi zipo, kukimbizana kupo, ila wasomaji wanakuacha sehemu ya tatu. Yalinikuta hayo hayo.

Yangu niliijenga juu ya MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria iliyozama 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Meli ya watu 430 ilijaza kupita kiasi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ziko familia zilizokaa matanga bila kuona mwili. Jambo hilo lilininyima usingizi, nikaona humo ndimo mtu anaweza kupotea kabisa.

Nikamtunga Deo, akapanda Bukoba bila jina lake kuandikwa popote. Mchumba wake Koku akalia, mwishowe akaolewa, akazaa. Miaka 20 baadaye Deo akatokea. Sehemu tatu nzima nilisimulia mapenzi yao ya zamani, barua, ahadi, matembezi ya ufukweni. Halafu nikaleta watu wenye bastola.

Dada yangu ndiye aliyenizindua. Alikuwa anasoma kwenye simu, akainua kichwa: “Kama alikuwa hai, mbona hakutuma hata salamu? Mimi ningekuwa Koku nisingemfungulia mlango.” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempoteza Deo bila kujua mwenyewe alikuwa wapi.

Nikaacha kuandika, nikachukua daftari: alikuwa wapi, nani alijua, kwa nini arudi leo na si mwaka jana. Nilihangaika kama wiki mbili ndipo likaja. Deo aliteremka bandari ya Kemondo, njiani, usiku ule kwa sababu ndani ya meli alimwona mtu aliyetumwa kumuua. Asubuhi meli ikazama, na yeye akahesabiwa miongoni mwa wafu. Kujitokeza kungekuwa kumwonyesha adui mahali alipo. Na aliyemtuma muuaji ndiye baadaye aliyemwoa Koku.

Hapo riwaya ikaanza kukimbia yenyewe. Bastola nikazitoa karibu zote. Koku anapakua chakula, simu ameilaza kifudifudi mezani, inatetemeka. Mumewe ananawa mikono taratibu, anauliza, “Mbona leo hupokei?” Mstari huo mmoja uliwashika wasomaji kuliko mapigano yote niliyoyafuta, kwa sababu wao wanajua anayepiga ni nani, na wanajua mwanamume huyo alifanya nini.

Zile sehemu tatu za mwanzo nilizitupa, na iliniuma. Sasa hadithi inaanzia kivukoni Kigongo, enzi zile daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa. Koku yuko kwenye kivuko kinachokwenda, kingine kinarudi, vinapishana katikati ya maji. Anamwona Deo ameegemea chuma, anamtazama. Hakuna wa kugeuza. Atafika ng'ambo, asubiri foleni, arudi, na kila dakika anajiuliza kama macho yamemdanganya. Mapenzi yao ya zamani nikayachomeka vipande vipande humo humo, sentensi mbili hapa, moja pale, wakati moyo wake unapiga.

Kwa hiyo kabla hujagusa tena sehemu ya tatu, tuambie hapa: huyo mchumba wa riwaya yako alikuwa wapi miaka yote hiyo, na nani angeumia akijulikana yu hai? Andika hata kama hujamaliza kufikiri, usiku huu nitapita nisome.