Umepata nyumba ya zamani Jinja? Ficha simenti kwanza

Sisi tumekaa miaka mingi kwenye moja ya zile nyumba za Wahindi hapa Jinja, Uganda, duka mbele, familia nyuma, ua katikati, na siku hizi kila mtu anayenunua au kukodi kama hiyo anakuja kuniuliza aanzie wapi. Jibu langu ni lile lile, fundi akija na simenti mwambie asubiri.

Nyingi zilijengwa kabla ya uhuru, kwa matofali ya kuchoma na chokaa. Sasa matofali hayo ni laini na ukuta wake unapumua, yaani unyevu ukipanda kutoka chini unatokea kwenye plasta unakauka, basi. Ukipiga simenti juu umeziba, maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma kutoka nyuma, rangi inavimba malengelenge halafu plasta inaanguka vipande vipande. Kwetu ukuta wa jikoni ulikuwa hivyo, ukigonga kwa kidole unasikia sauti tupu, ukikwangua tofali linatoka unga mwekundu mkononi. Tulibandua simenti yote, tukaacha ukuta ukauke taratibu (mama alilalamika kweli kweli), ndo tukapiga chokaa moja kwa mchanga tatu. Chokaa haina haraka, inakomaa kwa kuvuta hewa, kwa hiyo piga nyembamba, nyunyizia maji, isipigwe na jua kali. Na usimalizie na rangi ya mafuta maana umeziba tena, paka chokaa hiyo hiyo.

Lakini kabla ya yote hayo tafuta maji yanatoka wapi. Panda juu uangalie mabati na gata (mfereji wa maji ya paa), halafu shuka uangalie baraza, mana barabara inapandishwa kila ikikarabatiwa mpaka baraza linabaki chini na mvua yote inakuja kwako. Mtaro mdogo tu mbele unaokoa hela nyingi kuliko plasta yoyote.

Milango na madirisha ya mvule usiuze!! Kuna watu wanapita wanakupa bei ya kukushawishi uweke chuma na vioo. Mvule mchwa anauogopa, kwangua rangi uone mbao ilivyo chini. Na ule mwaka ulioandikwa juu mbele ya nyumba, pengine na jina la mwenyewe, fundi asiuchapie plasta, ndo cheti cha kuzaliwa cha nyumba.

Karatasi nazo. 1972 Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, nyumba zikaingia kwenye bodi ya serikali ya kusimamia mali zao, baadaye sheria ya 1982 ikafungua njia ya wenyewe kurudishiwa. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mwenye hati, mpangaji wa miaka 30 na mtu mwingine mwenye barua ya bodi, wote wanasema yangu. Fanya sachi, yaani uangalie hati ni ya nani, ofisi ya ardhi kabla hujanunua hata gunia moja la chokaa, na mpangaji aandikishane na mwenye nyumba nani analipia nini. Sheria mpya ya makumbusho na minara ya kihistoria ilipita 2023, ikachukua nafasi ya ile ya 1967, ila mimi singekaa kungoja inilindie ukuta wangu.

Fundi wa chokaa tafuta mzee, vijana wengi watakwambia haishiki.