Kadi sijaomba, deni nadaiwa mimi

SWALI: Shikamoo dada. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa nne sasa, napiga shifti ya usiku ghalani. Juzi nimeletewa barua na wakusanya madeni eti nadaiwa dola 2,860 za kredit kadi, na mimi sijawahi kuomba kredit kadi hata moja! Anwani walioandika ni ya apatimenti nilokaa na washkaji watatu nilipofika. Mke wangu anasema tulipe kidogokidogo yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usilipe hata senti, ukianza kulipa utaonekana umekubali deni. Ingia IdentityTheft.gov, ni ya serikali, jaza ripoti bure, alafu pigia benki iliyotoa kadi uwaambie ni utapeli, waifunge na wakupe barua kwamba hudaiwi. Hao wakusanya madeni waandikie kwamba deni si lako, ndani ya siku 30 tangu upate barua yao, kwa posta yenye risiti, kuongea tu kwa simu haitoshi. Ile ripoti na kopi ya kitambulisho tuma Equifax, Experian na TransUnion, hizo ndizo kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, wakishapokea wana siku 4 za kazi kulizuia deni lisionekane kwenye rekodi yako, na wote watatu waambie wafunge faili lako asikopeshwe mtu tena kwa jina lako, tangu 2018 hiyo ni bure.

Sasa hiyo anwani ya zamani, mh. Najua kumtaja mtu mliyekula sahani moja ni kazi, ila usianze kwa kumpigia simu, ripoti kwanza.